Apolo Kivebulaya wa Boga: alimfuata Mungu bila kujua mbele kuna nini

Kila mwaka tarehe 30 Mei Waanglikana humkumbuka mtumishi mmoja ambaye jina lake haliwezi kutenganishwa na Boga, katika Irumu, jimbo la Ituri. Jina lake ni Apolo Kivebulaya. Alifariki siku hiyo mwaka 1933, na kaburi lake liko pale pale alipofanya kazi.

Tumechagua kusimulia maisha yake kwa sababu ya swali tunalolisikia karibu kila mahali tunapokutana na waamini wa mashariki ya nchi yetu: kesho itakuwaje? Mkulima anapanda mihogo bila kujua kama ataivuna yeye au ataikimbia. Mama aliyehama mara mbili, mara tatu, hajui kama arudi kijijini au abaki mjini kwa ndugu. Kijana amemaliza masomo na hakuna kazi. Wengi wanaomba, na wengi wanasema kwamba Mungu yuko kimya. Watu wa Boga wenyewe wameonja machungu hayo katika miaka hii ya vita.

Hatuandiki ili kumtukuza mtu. Tunaandika kwa sababu Apolo aliishi kwa kumtumaini Mungu katika nchi hii hii, katika njia zenye hatari, na mara nyingi alipiga hatua bila kujua hatua ya pili itakanyaga wapi.

Kijana aliyepita njia nyingi

Apolo alizaliwa Buganda, Uganda, karibu mwaka 1864. Alizaliwa pacha, ndiyo maana wazazi wake walimwita Waswa, jina ambalo Waganda humpa pacha wa kiume anayetangulia kutoka. Hakukua katika nyumba ya Wakristo. Alikua katika desturi za wazee wake, kisha akawa pamoja na Waislamu.

Siku hizo Buganda ilikuwa na misukosuko mikubwa. Mwaka 1888 mfalme Mwanga alipinduliwa, na makundi ya dini yakapigania utawala. Waswa alikuwa askari upande wa Waislamu, lakini baadaye aliwaacha akajiunga na upande wa Wakristo. Kabla ya hapo alikuwa amesikia mafundisho ya Alexander Mackay, mmisionari Mskoti aliyefanya kazi Uganda, na maneno yale hayakumtoka moyoni.

Mwaka 1891 alifuata safari ya kijeshi ya Kapteni Lugard kuelekea Toro, magharibi mwa Uganda. Huko aliona kwa mara ya kwanza milima ya Ruwenzori. Upande wa pili wa milima hiyo kulikuwa na nchi ambayo ingekuwa kazi yake hadi kufa, lakini yeye hakujua. Alikwenda kama askari. Mungu alikuwa amekwisha kumwonyesha mlango, wala hajamwambia bado kwamba ni mlango.

Alibatizwa mwezi wa Januari 1895, akachukua jina la Apolo, yule mhubiri wa Agano Jipya aliyeyajua Maandiko vizuri. Jina la Kivebulaya alipewa na watu. Bulaya kwa Kiganda ni Ulaya, na jina lote maana yake ni kilichotoka Ulaya. Walimwita hivyo kwa sababu alipenda kuvaa koti la kizungu pamoja na kanzu yake nyeupe. Lilikuwa jina la utani, lakini lilimkaa hadi leo.

Alikuwa amechumbia, lakini mchumba wake alifariki. Apolo hakuoa tena maisha yake yote. Mtu mwingine angeweza kusema kwamba mipango yake imekufa pamoja na yule mchumba. Yeye alijitoa kuwa mwalimu wa Injili, akatumwa Toro mwaka huo huo wa 1895.

Kuvuka Semliki na jembe mkononi

Ng'ambo ya Ruwenzori, juu ya bonde la mto Semliki, ilikuwako nchi ya Mboga, ile tunayoiita Boga leo. Ilitawaliwa na Tabaro, chifu wa Wahema. Kanisa la Toro lilikuwa limetuma walimu wawili Waganda kwenda kuwafundisha watu wake. Hawakudumu. Waliwekewa ngumu, wakakosa chakula, wakarudi.

Ndipo ikaulizwa ni nani atakayekwenda sasa. Apolo alikubali, na karibu na mwisho wa mwaka 1896 alishika njia. Tufikirie jambo hilo kidogo. Hakuwa na sababu ya kutumaini kwamba yeye atapokelewa vizuri kuliko wale waliomtangulia. Habari zote alizokuwa nazo zilikuwa mbaya. Njia ilipanda milima, ikashuka katika bonde lenye joto, ikavuka Semliki, halafu ikapanda tena hadi Mboga. Na nyuma ya Mboga ulianza msitu mkubwa wa Kongo ambao watu wa Toro waliuogopa.

Alibeba Kitabu cha Mungu, akachukua na jembe. Hilo jembe linatufundisha mengi. Alijua kwamba wenzake walishindwa kwa njaa, basi akajiandaa kulima. Kumtumaini Mungu hakukumfanya aache akili yake nyumbani. Chifu alipowazuia watu wasimpe chakula, Apolo alilima akala jasho lake, na huku akiendelea kuwafundisha kusoma wale waliotaka.

Fimbo na minyororo

Mwanzoni watu kadhaa walikuja kusikiliza, na darasa la kusoma likaanza. Lakini Injili ilipogusa pombe, wake wengi na ibada za mizimu, upinzani ukawa mkali. Apolo alipigwa vibaya kwa amri ya chifu, akaachwa majanini kama mtu aliyekufa. Habari za maisha yake zinasimulia kwamba mwanamke mmoja alimkuta, akamficha na kumuuguza mpaka akapata nguvu. Jina la mama huyo halisikiki sana midomoni mwetu, lakini bila yeye pengine tusingekuwa na habari hii ya kusimulia.

Kisha likaja jambo baya zaidi. Mwanamke wa jamaa ya chifu aliangukia mkuki uliokuwa umefichika katika majani, akafa. Ilikuwa ajali, lakini Apolo akashtakiwa kuwa ndiye mwenye hatia ya kifo hicho. Alikamatwa, akafungwa, akapelekwa ng'ambo ya milima hadi Toro, mbele ya wakubwa wa serikali ya Waingereza. Njia ile ile aliyoipita akija na Injili, sasa aliirudia akiwa mfungwa.

Wapendwa, hapa ndipo wengi wetu tunapoanza kuuliza maswali. Kama ni Mungu aliyenituma, mbona nimefungwa? Kama njia hii ni yake, mbona imenifikisha gerezani? Tumezoea kupima uongozi wa Mungu kwa matokeo. Mambo yakienda vizuri, tunasema Bwana ameongoza. Yakiharibika, tunasema tulikosea kusikia. Apolo hakuwa na kipimo hicho. Alikuwa amefanya alilotumwa kufanya, na amefika kwenye minyororo.

Katika siku hizo za mateso, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, alimwona Bwana Yesu katika ndoto usiku, aking'aa kama jua, naye akamtia moyo na kumhakikishia kwamba yuko pamoja naye. Tuangalie vizuri kile alichopewa na kile ambacho hakupewa. Hakuambiwa kesi itaisha lini. Hakuambiwa kama Tabaro atabadilika, wala kama watu wa Mboga watamkubali. Aliambiwa jambo moja tu: hayuko peke yake. Na hilo lilimtosha.

Kesi ilipoangaliwa, alionekana hana hatia, akaachiliwa. Angeweza kubaki Toro, na hakuna ambaye angemlaumu. Alirudi Mboga. Na huko, chifu aliyemtesa alikuja kuamini, akabatizwa kwa jina la Paulo. Jina hilo lilimfaa, maana naye alilitesa Kanisa kabla ya kuwa wa Kanisa.

Miaka ya kusubiri

Mara nyingi hadithi za watumishi wa Mungu huruka kutoka ushindi mmoja hadi mwingine. Maisha ya Apolo hayakuwa hivyo. Baada ya mwanzo huo wa Mboga, alirudishwa kufanya kazi Toro, na huko alikaa miaka mingi. Mwaka 1900 Askofu Alfred Tucker alimweka kuwa shemasi, na mwaka 1903 akamweka kuwa kasisi. Alifundisha, alijenga, alitembelea vijiji. Ilikuwa kazi nzuri, lakini Mboga ilikuwa ng'ambo ya milima.

Wakati huo wakubwa wa mbali walikuwa wakigawana nchi. Kwa mapatano ya mwaka 1910 kati ya Uingereza na Ubelgiji, Mboga iliwekwa upande wa Kongo ya Wabelgiji. Kanisa lililozaliwa kutoka Uganda likajikuta katika nchi nyingine, chini ya serikali nyingine. Waamini walibaki wachache na wenye kudhoofika, bila mchungaji wa kuwaangalia vizuri.

Apolo angeweza kusema kwamba mlango umefungwa na wenye mamlaka. Lakini mwaka 1915, akiwa amekwisha kupita miaka 50, alikubali kurudi. Alivuka tena Semliki, akaanza tena kukusanya kundi lililotawanyika. Hakujenga nyumba ya fahari. Alichopata aligawa, akawalea watoto wasiokuwa wake, akakaa na watu kama mmoja wao. Mwaka 1922 alipewa heshima ya kuwa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe huko Kampala. Heshima ile haikumvuta kukaa mjini. Alibaki Mboga.

Tunaisimulia miaka hiyo kwa makusudi. Kati ya safari yake ya kwanza ya kwenda Mboga na kurudi kwake kukaa ilipita karibu miaka 20. Anayengoja jibu la Mungu kwa miezi sita na kuona ni mingi, akumbuke miaka hiyo. Apolo hakukaa akikunja mikono akingoja. Alifanya kazi iliyokuwa mbele yake, na wakati wa Mboga ulipofika tena, alikuwa tayari.

Kuingia msituni

Mwaka 1921 Apolo alisimulia kwamba Kristo alimtokea tena, akasimama karibu naye katika sura ya mtu, akamwagiza aende kuhubiri msituni. Katika msitu wa Ituri waliishi Wambuti, wawindaji ambao wakulima wengi waliwadharau na kuwaona kama si watu kamili. Wengine waliwaogopa kwa mishale yao. Hakuna aliyetazamia kwamba mzee wa miaka karibu 57 aanze kazi mpya, kwa lugha mpya, mahali pasipo barabara.

Alikwenda. Alitembea kwa miguu chini ya miti mikubwa, akalala katika kambi zao, akala walichokula. Aliwaombea na kuwasikiliza, akajifunza lugha yao. Alishughulika pia na kutafsiri Injili ya Marko katika lugha hiyo, ili wasikie habari za Yesu kwa maneno wanayotumia wenyewe wakiwa kwenye moto jioni. Tendo hilo lilisema jambo ambalo mahubiri mengi hayakusema: kwamba Mbuti ni mtu mbele za Mungu sawa na chifu wa Wahema, sawa na kanoni wa Namirembe. Polepole baadhi yao waliamini, na kabla hajafa aliwaona Wambuti wa kwanza wakibatizwa.

Hapa tunataka kuwa waangalifu. Kuna watu kati yetu wanaosikia habari za ndoto na maono, kisha wanakaa wakingoja yao. Wengine wanatangaza maono kila juma, na kila ono linawaletea faida wenyewe. Tukiyaangalia maisha ya Apolo tunaona tofauti. Maono anayosimulia ni machache, katika miaka karibu 40 ya utumishi. Na kila mara yalimpeleka mahali pagumu zaidi, kwa watu waliodharauliwa zaidi. Siku nyingine zote aliongozwa kama tunavyoongozwa sisi: kwa Neno, kwa sala, kwa kutumwa na Kanisa, na kwa kuona hitaji ambalo wengine wamelikimbia. Hata Mboga mara ya kwanza alikwenda kwa sababu ya pengo lililoachwa wazi. Kanisa liliuliza, naye akaitika.

Kichwa kuelekea magharibi

Mwaka 1933 afya yake ilivunjika. Alipata matibabu Uganda, lakini alipojua kwamba siku zake zimekaribia kwisha aliomba kurudi Mboga, akafie kati ya watu wake. Alikufa huko tarehe 30 Mei.

Kabla ya kufa alitoa agizo moja kuhusu maziko yake. Ilikuwa kawaida kumzika mtu kichwa kikielekea mashariki. Kwake yeye mashariki ilikuwa pia upande wa kwao Buganda. Apolo aliagiza kichwa chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu, upande ambao Injili ilikuwa bado haijafika. Hakujua ni nani atakayekwenda huko. Hakuacha fedha wala mpango ulioandikwa. Alionyesha tu upande, akaiacha kazi mikononi mwa Mungu.

Leo tunaweza kuona kile ambacho yeye hakuona. Mwaka 1972 Boga ikawa kiti cha dayosisi ya kwanza ya Kianglikana katika nchi yetu, wakati huo ikiitwa Zaire. Kutoka hapo kazi ilienea hadi Bukavu, Kisangani, Katanga na Kinshasa, na mwaka 1992 Kanisa hilo likawa jimbo kamili lenye askofu mkuu wake. Ukitoka Boga kwenda Kisangani na Kinshasa unakwenda magharibi, kule alikoelekezwa kichwa chake.

Tunabaki na nini?

Kwanza, Mungu hakumpa Apolo ramani. Alimpa hatua iliyofuata. Taa anayoibeba mtu usiku humulika miguu yake, wala haimuliki kilima cha mbali. Lakini akitembea nayo, atafika kilimani. Ndugu unayeuliza kama urudi kijijini au ubaki, pengine hutaonyeshwa miaka kumi ijayo. Uliza ni jambo gani la haki na la upendo linalokungoja juma hili, kisha lifanye.

Pili, mateso hayathibitishi kwamba umepotea njia. Abrahamu aliondoka kwao bila kujua aendako, na alipofika katika nchi aliyoahidiwa alikuta njaa. Apolo alifika Mboga akakuta njaa vilevile. Tusiwaongezee mzigo waliokimbia makwao kwa kuwaambia kwamba imani yao ilikuwa ndogo. Wengi wao walikuwa katika njia ya Bwana siku ile ile walipopoteza kila kitu.

Tatu, imani hubeba jembe. Waamini wanaolima bustani ndogo karibu na kambi, wanaojifunza kushona, wanaoanzisha darasa la watoto chini ya mti, hao hawajaacha kumtumaini Mungu. Ndivyo kumtumaini kulivyo.

Nne, Mungu mara nyingi huongoza kwa mikono ya watu wengine. Apolo aliokolewa na mama mmoja aliyemkuta majanini. Inawezekana jibu la sala ya jirani yako ni wewe. Nyumba yako ikiwa na nafasi ya mtu mmoja zaidi, au sufuria yako ikiwa na chakula cha mtoto mmoja zaidi, usingoje ndoto.

Hatuwezi kuwaambia wasomaji wetu kwamba mwaka ujao utakuwa na amani. Tunaiomba, na tunawasihi wenye mamlaka waitafute kwa kweli. Lakini tunajua nani yuko pamoja nasi, na ndilo neno Apolo alilolishika katika minyororo. Tunawaalika makundi ya sala, wamama na vijana katika kila parokia, Jumapili hii wawataje kwa majina waliohama na wasiojulikana walipo, wawaombee watu wa Boga na Irumu yote, kisha kila mmoja amwombe Bwana amwonyeshe hatua yake inayofuata.

Bwana atujalie kuipiga hatua hiyo. Amina.